UZI: Unampeleka mzazi wako Madina? Yamalize haya ya Msikiti wa Mtume (s.a.w.) kabla hamjapanda ndege

Mkaapwani (mleta uzi)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Nyuzi za Umra na Hijja humu ni nyingi, na karibu zote zinazungumzia Makka: tawafu, sai, kunyoa, wapi pa kulala. Ni haki yake, maana ibada yenyewe iko kule. Madina huachiwa maneno mawili, "halafu mtakwenda kumzuru Mtume," basi. Semina nyingi za taasisi zetu ziko hivyo hivyo. Mwisho wake wazee wetu wanafika kwenye Msikiti wa Mtume hawajui waingilie mlango gani, hawajui Rawdha (ile sehemu tukufu ndani ya msikiti, karibu na kaburi la Mtume) inaingiwaje, na wanarudi nyumbani na mabegi ya tende na dukuduku moyoni.

Kilichonifanya niandike ni mama mmoja mtu mzima wa huku kwetu niliyemkuta kwenye uwanja wa nje wa msikiti. Kavaa buibui, kitambulisho cha msafara shingoni, kandambili kazitia kwenye kifuko cha kitambaa alichokishona mwenyewe. Mkononi kashika kitochi. Walinzi wa kike wanamwambia "Nusuk, Nusuk," naye anawaonyesha kitambulisho, akidhani wanataka kujua jina lake. Kiongozi wa msafara (taasisi siitaji) alikuwa amewaambia tangu nyumbani kwamba Rawdha kila mtu ataingia mwenyewe wakifika. Hakuna aliyemwambia kwamba siku hizi haiingiwi bila kibali, na kibali kinaombwa kwa simu janja. Kesho yake asubuhi walikuwa wanaondoka kwenda Makka. Alikaa chini pale pale kwenye marumaru akawa anamswalia Mtume kwa sauti ya chini huku machozi yanamtoka.

Kwa hiyo uzi huu nawaandikia zaidi watoto na wajukuu, wale wanaochanga pesa kumpeleka mzee. Tiketi na hoteli ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni hii hapa.

Rawdha ni nini na kwa nini watu wanaililia

Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba baina ya nyumba yake na mimbari yake ni bustani miongoni mwa mabustani ya Peponi. Ndiyo Rawdha. Nyumba inayokusudiwa ni chumba cha Bibi Aisha, ambamo amezikwa yeye Mtume pamoja na masahaba wake wawili, Abubakar na Umar, Allah awe radhi nao. Sehemu yenyewe ni ndogo mno, kama mita 22 kwa 15, ndani ya msikiti unaochukua mamia ya maelfu ya watu. Utaitambua kwa zulia la kijani na nguzo zake nyeupe. Hapo hapo ndipo ilipo nguzo aliyojifunga sahaba Abu Lubaba mpaka toba yake ikakubaliwa, na ndipo mahali pa lile gogo la mtende lililolia Mtume alipoliacha akahamia kwenye mimbari.

Sasa kibali. Programu inaitwa Nusuk, ni ya serikali ya Saudia, na kibali ni bure. Narudia, BURE. Ukiona mtu nje ya hoteli anakuuzia nafasi ya Rawdha, huyo ni tapeli hata kama ana kanzu nyeupe na ndevu. Unajisajili kwa pasipoti na viza, kwa hiyo fanya mara tu viza inapotoka, ukiwa nyumbani kwenye intaneti nzuri na akili iliyotulia. Mwishoni mwa 2023 iliwekwa kanuni ya kibali kimoja kwa mtu ndani ya siku 365. Kanuni hizi hurekebishwa mara kwa mara, basi soma kinachosemwa ndani ya programu wiki ile mnayosafiri, usitegemee cha kusimuliwa na aliyekwenda zamani. Misafara mingine huombewa vibali vya kundi zima na kampuni ya kule. Muulize kiongozi wako kabla hujalipa, na akuambie tarehe na saa. "Inshaallah mtaingia" hilo siyo jibu.

Na hapa ndipo wengi wanapokwama. Wanaume na wanawake wanaingia Rawdha nyakati tofauti na kwa njia tofauti. Kwa kawaida wanawake hupewa asubuhi baada ya Alfajiri na usiku baada ya Isha. Maana yake wewe mtoto wa kiume uliyeweka kibali cha mama kwenye simu yako, saa yake ikifika huwezi kwenda naye. Simu itabaki kwako na mama atabaki mlangoni. Mnunulie mama simu ya kugusa, hata ya bei ya chini, hata iliyotumika. Ingiza akaunti yake humo. Mfundishe jambo moja tu: kufungua ule mraba wenye alama za kuskaniwa. Afanye zoezi nyumbani mbele yako mara nyingi mpaka aweze bila wewe. Na mtafutie mwenzake wa kike katika msafara wenye kibali cha saa ile ile, waende wameshikana mikono.

Afike mapema kabla ya saa yake, na pasipoti au nakala yake iwe karibu. Awe ameshatia udhu na ameshakwenda msalani, kwa sababu vyoo viko chini ya ardhi huko nje uwanjani, unateremka kwa ngazi za umeme, na akitoka kwenye foleni hatarudi nafasi yake. Ndani watakaa dakika chache tu. Aswali rakaa mbili, aombe aliyokuja nayo, na wakiambiwa waondoke aondoke, kuna dada yake nyuma anasubiri. Dua za watu wa nyumbani aziandike kwenye karatasi kwa Kiswahili chake. Allah anakisikia Kiswahili.

Ramani ya kichwani

Madina kibla ni kusini. Ukisimama ndani ukaelekea kibla, kaburi la Mtume liko mbele upande wako wa kushoto, na makaburi ya Baqii yako nje zaidi upande huo huo wa mashariki. Mlango mkubwa wa Mfalme Fahd, namba 21, uko kaskazini, yaani nyuma kabisa. Mlango wa Salaam ni namba 1, uko magharibi mbele. Milango yote ina namba na ni mikubwa kuonekana. Mzee akumbuke namba moja tu, ile ya mlango ulio karibu na hoteli yenu, na aiandike kwenye kiganja kwa kalamu ikibidi. Nguzo na miavuli ya uwanjani, ambayo ni 250, yote inafanana, ukisema "tukutane kwenye mwavuli" umempoteza.

Mpe kadi ya hoteli yenye maandishi ya Kiarabu na namba ya simu ya mtu wenu mmoja, iwe shingoni kwake siku zote, hata akienda Alfajiri peke yake. Hasa Alfajiri. Anaingia gizani, anatoka kweupe, anakuta uwanja mwingine kabisa.

Kumtolea salamu Mtume (s.a.w.)

Ukiingia tanguliza mguu wa kulia na dua ya kuingia msikitini, swali rakaa mbili za kuamkia msikiti, ndipo uende kutoa salamu. Wanaume huingilia Mlango wa Salaam na kupita mbele ya kaburi wakielekea mashariki, na kwa kawaida njia hii haihitaji kibali cha Rawdha. Watu wengi hawalijui hili, wakikosa kibali wanadhani wamekosa kila kitu. Utaona kizuizi cha madini ya rangi ya dhahabu chenye matundu ya duara. Lile kubwa ndilo linaloelekea uso wa Mtume. Ukisogea kidogo kulia ni Abubakar, ukisogea tena ni Umar. Ibn Umar (r.a.) alikuwa akitoka safarini hutoa salamu fupi tu: Assalamu alaika ya Rasulallah, assalamu alaika ya Aba Bakr, assalamu alaika ya abati (ewe baba yangu, yaani Umar). Kisha anakwenda zake. Asiyejua maneno marefu hajapungukiwa.

Sauti chini, ndugu zangu. Aya ya pili ya Suratul Hujurat inakataza kupandisha sauti juu ya sauti ya Mtume, na Bukhari amepokea kwamba Sayyidna Umar aliwakuta watu wawili wa Taif wanapiga kelele msikitini humo akawaambia wangelikuwa wenyeji wa Madina angewaadhibu. Leo mtu anamsalimia Mtume huku anapiga simu ya video nyumbani, "mama unaona? unaona?" Inauma sana kulishuhudia. Kugusa na kubusu kizuizi pia tuache. Imam Nawawi, ambaye sisi Mashafi wa pwani tunamsoma tangu chuoni, amesema adabu ni kusimama mbali kidogo kama ambavyo mtu angesimama mbele yake akiwa hai.

Nitaendelea. Ulizeni.

Ilala Kwetu

Waalaykum salaam warahmatullah. Allah akulipe kheri mkuu, huo ni ukweli mtupu. Mimi namsindikiza baba, ana miaka 70 na ushee, sukari na presha. Kifurushi chetu kina siku nne Madina. Jirani ametuambia bila siku nane ziyara haijatimia, lazima swala 40. Baba amekosa raha kabisa, anataka tuongeze pesa. Hili limekaaje?

Mkaapwani

Ndugu yangu Ilala, mpe mzee salamu zangu na umtulize moyo.

Hadithi ya swala 40 mfululizo imo katika Musnad, kitabu cha hadithi cha Imam Ahmad, kutoka kwa Anas (r.a.). Wanazuoni wamevutana juu yake: wapo walioona wapokezi wake wanaaminika, na wapo walioidhoofisha, Sheikh Albani akiwa mmoja wao. Ndiyo asili ya vifurushi vya siku nane, swala tano mara nane. Lakini hakuna mwanachuoni aliyesema ziyara au Umra au Hijja haitimii bila hiyo. Hata kuzuru Madina kwenyewe si nguzo ya Hijja. Aliyekwenda Makka tu akakamilisha ibada zake, Hijja yake ni sahihi.

Lililothibiti bila mvutano ni kwamba swala moja katika msikiti huu ni bora kuliko swala elfu moja kwingineko, isipokuwa Msikiti Mtukufu wa Makka. Siku nne ni swala 20. Piga hesabu umpe mzee, nadhani atatabasamu.

Mtu mwenye sukari asikimbizane na hesabu ya 40. Mzee wa aina hii huamka saa tisa usiku, anakunywa dawa bila kula ili awahi, anaswali Alfajiri, anabaki mpaka jua litoke, kisha anakwenda ziyara ya basi juani. Siku ya tatu yuko hospitali. Weka mpango wa Alfajiri, kisha alale, halafu Adhuhuri au Alasiri kulingana na hali yake, na Magharibi hadi Isha abaki ndani kwenye ubaridi. Mfukoni awe na tende mbili tatu na kipimo chake cha sukari. Dawa zote zisafiri kwenye begi la mkononi, pamoja na karatasi ya daktari.

Maji ya Zamzam yamejaa ndani ya msikiti, yanaletwa kwa magari kutoka Makka. Madumu yako ya aina mbili, ya baridi na yasiyo ya baridi, na yameandikwa. Wazee wape yasiyo ya baridi. Nusu ya vikohozi vinavyowaangusha watu kule nadhani vinaanzia kwenye maji ya barafu baada ya jua kali.

Mswahili wa Muscat

Assalaam alaykum jamani. Sisi huku Oman tunakwenda wengi kwa njia ya nchi kavu, na misafara yetu ina mabibi wengi tu, kwa hiyo niongeze mawili.

La kwanza jua. Kiangazi Madina inafika digrii 45 na zaidi, na ni joto kavu, hutoki jasho la kuonekana kama la Unguja au Mombasa, kwa hiyo mtu haoni kwamba anakauka. Anywe kabla ya kiu. Majira ya baridi mambo yanageuka, usiku na Alfajiri kuna baridi ya kweli. Bibi anayetoka Tanga na kanga nyepesi atateseka. Sweta na soksi.

La pili swala ya jeneza. Karibu kila baada ya swala ya faradhi utasikia tangazo, "Assalatu alal amwati yarhamukumullah." Watu wetu, hasa akina mama, wanaanza kukunja misala au wanaswali sunna katikati. Wafundisheni kabla. Takbira nne ukiwa umesimama: ya kwanza Fatiha, ya pili kumswalia Mtume, ya tatu kumwombea maiti, ya nne dua fupi kisha salamu. Imamu wa kule hutoa salamu moja tu upande wa kulia, msishangae. Mtume amesema anayeswalia jeneza ana qirati moja, na akilifuata mpaka kuzikwa ana mbili, na qirati ni mfano wa jabali la Uhud. Na jabali lenyewe utakwenda kuliona kwa macho yako siku ya ziyara! Kila nikilitazama naikumbuka hadithi hiyo.

Mama Watatu

Shukran sana. Mie nina swali la kike, mnisamehe. Tunaondoka mwezi ujao na tarehe zangu zinaangukia Madina kabisa. Nimelia tangu juzi. Nifanyeje na kibali cha Rawdha?

Mkaapwani

Dada yangu, usilie, na wala hakuna cha kusamehe hapa, hili ndilo swali ambalo akina dada wengi wanaliogopa kuliuliza kwenye semina zilizojaa wanaume.

Kwanza jua hujapoteza faradhi yoyote. Madina hakuna tawafu. Bibi Aisha mwenyewe alipatwa katika Hijja akiwa na Mtume, naye akamwambia kwamba hili ni jambo Allah amewaandikia mabinti wa Adam. Utakachokosa ni kukaa ndani ya msikiti, kwa mujibu wa wanazuoni walio wengi, na madhehebu yetu ya Shafi yamo humo. Juu ya viwanja vya nje vilivyozungushiwa uzio wamekhitilafiana kama vina hukumu ya msikiti, kwa hiyo muulize sheikh unayemwamini ujue unashika kauli gani kabla hujafika. Ukitaka kutoka kwenye khitilafu, kaa nje ya uzio. Kuba la Kijani lililo juu ya kaburi la Mtume linaonekana vizuri tu. Kumswalia Mtume, dhikri, dua na kumtolea salamu havihitaji udhu. Imepokewa kwamba Allah ana malaika wanaozunguka ardhini wakimfikishia salamu za umma wake, za aliye Buguruni na za aliye mita mia kutoka kaburini.

Kibali usikiweke siku ya kwanza. Kiweke siku ambayo kwa hesabu zako unatarajia kuwa umetoharika, na kama mambo hayakwenda, kifute kwenye programu kabla ya wakati wake kufika, uombe siku nyingine ikiwa ipo. Kama kundi lenu halijafunga ratiba, mwombe kiongozi muanze na Makka au muanze na Madina kulingana na wengi wenu. Akina dada wakisema mapema inawezekana. Wakinyamaza hakuna atakayejua. Vidonge vya kuzuia hedhi wapo wanaovitumia, ila nenda kwa daktari miezi kabla, usinunue dukani siku ya safari, maana vinaweza kukuletea matone ya siku kumi badala ya siku tano.

Kisauni Juu

Maashaallah uzi mzuri. Mie wanitatiza hawa watu wa mtaani. Kila ninayemuaga aniambia "nisalimie Mtume." Nimeshaandika majina karatasi mbili mbele na nyuma. Ni wajibu? Na yasomwaje pale na askari wakusukuma?

Mkaapwani

Ndugu wa Kisauni, desturi hii ni ya zamani katika watu wetu na ndani yake mna mapenzi makubwa. Imam Nawawi ameitaja: aliyetumwa salamu aseme, "Assalamu alaika ya Rasulallah kutoka kwa fulani bin fulani." Wapo wanazuoni wengine wanaosema hakuna haja, kwa vile salamu ya kila mtu inafikishwa na malaika. Ukichukua kauli hii au ile hujatoka nje.

Ushauri wangu wa kiutendaji ni huu: majina yasome kwanza ukiwa umekaa mahali pako ndani ya msikiti, kwa utulivu, uwaombee mmoja mmoja. Ukifika mbele ya kaburi sema kwa ujumla, "na salamu za wote walionituma." Usisimame kufunua karatasi, nyuma yako kuna bahari ya watu. Na ukirudi Kisauni uwaambie ukweli kwamba umewafikishia kwa ujumla. Vile vile uwakumbushe wao wenyewe wamswalie Mtume pale pale walipo.

Wakati tuko hapa: Baqii hufunguliwa kwa wanaume, kwa kawaida baada ya Alfajiri na baada ya Alasiri. Humo wamelala Sayyidna Uthman na masahaba wengi na watu wa nyumba ya Mtume. Makaburi hayana majina, ni udongo na mawe tu. Toa salamu, waombee, toka. Wanaozunguka na kuelekeza "hili la fulani" kisha wanataka riyali, waepuke.

Hapahapa Kariakoo

Wakuu, sisi tunaanza Madina halafu Makka kwa treni. Ihramu tunavaa wapi? Kiongozi anasema tutavaa kwenye treni.

Mkaapwani

Mkuu, hilo la treni lishughulikieni mapema. Mkianzia Madina hamhitaji ihramu kutoka nyumbani. Mnasafiri na nguo zenu, na miqati yenu (mpaka ambao hauvukwi bila nia ya ihramu) mkitoka Madina ni Dhul Hulayfa, wenyeji wanapaita Abyar Ali, kama kilomita 10 kutoka msikitini. Basi husimama hapo, pana msikiti mkubwa na mabafu, mnaoga na kuvaa na kutia nia. Treni ya Haramain HAISIMAMI hapo. Treni hii ilianza kuchukua abiria 2018, inakwenda kilomita 300 kwa saa na Makka mnafika kwa saa mbili na dakika kadhaa. Ukisubiri uvae humo ndani, utakuwa choo cha treni kimekushinda na miqati imeshapita.

Ogeni na mvae hotelini. Mkitaka fadhila ya Dhul Hulayfa yenyewe, chukueni teksi mwende mkaswali na kutia nia, kisha mwende stesheni. Kama muda ni mfinyu, tieni nia mkiwa mnaondoka mjini na muanze talbiya, yaani "Labbaika Allahumma labbaik." Kutia nia kidogo kabla ya miqati kunasihi. Kuivuka bila nia ndiko kunakoleta fidia ya kuchinja. Wazee husinzia kiti kikishawapokea, waamsheni.

Na kabla hamjaondoka Madina nendeni Msikiti wa Quba. Mtume alikuwa akienda kila Jumamosi, akipanda mnyama au kwa miguu, na aliyetia udhu nyumbani kwake kisha akaenda kuswali humo anapata ujira wa Umra. Mnasikia? Tieni udhu hotelini, msitie huko huko. Si mbali, wenye miguu wanatembea kwa njia ya waenda kwa miguu iliyotengenezwa, na wazee wapo wanaobebwa kwa vigari. Wengi wanapelekwa kwa basi la ziyara dakika 20 halafu saa mbili nzima kwenye duka la tende. Mwambieni kiongozi hapana, saa mbili ziwe Quba na kwa mashahidi wa Uhud.

Ilala Kwetu

Mkuu, baba amesomewa uzi wote na mdogo wangu, amecheka pale kwenye swala 20. Ameniambia nikuulize moja la mwisho. Rafiki yake alimwambia Madina wanaadhini Alfajiri mara mbili, sasa yeye aswali ya kwanza au ya pili? Na chanjo za nini?

Mkaapwani

Alhamdulillah, mpe mzee salaam alaykum.

Kweli, ni adhana mbili. Ya kwanza hutolewa kama saa moja kabla, ni ya kuwaamsha watu kwa tahajudi na daku. Wakati wa swala ya Alfajiri haujaingia, akiswali faradhi hapo haijasihi. Ya pili ndiyo yenyewe. Kwa baba hiyo ya kwanza ni kengele nzuri sana: aamke nayo, anywe maji yasiyo baridi, ale kitu kidogo na dawa, atie udhu taratibu, na atafika msikitini bila kukimbia. Ijumaa na Ramadhani atoke hata kabla ya hapo.

Ramadhani, na nje ya Ramadhani siku za Jumatatu na Alhamisi, utawakuta wenyeji wametandika sufra za kufuturisha: tende, mkate, mtindi, na unga wa viungo unaonyunyizwa juu ya mtindi. Kijana atakushika mkono kwa mapenzi ukae kwake. Kaa. Baba akila hapo aangalie tu tende zisizidi.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni lazima, achome si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Homa ya manjano na polio hutegemea mnatoka nchi gani, ulizeni kituo cha afya cha bandari au uwanja wa ndege mapema, na kadi ya njano ikae pamoja na pasipoti. Barakoa chukueni, kwenye msongamano wa Rawdha atazihitaji.

Zamzam ya kurudi nayo msiipakie kwenye mabegi makubwa, itatolewa uwanjani na begi litabaki wazi. Nunueni lile dumu la lita tano lililofungwa rasmi uwanja wa ndege, na muulize shirika lenu kila abiria anaruhusiwa mangapi.

Nikipata nafasi usiku nitaweka hapa maelezo ya kusajili Nusuk hatua kwa hatua kwa Kiswahili, kwa ajili ya wale ambao viza zimeshatoka. Mwenye viza tayari aniandikie hapa chini anasafiri lini, nianze na walio karibu kuondoka.